Upepo Upo, Maji Hakuna

Siku hiyo upepo ulivuma vizuri tangu asubuhi, na gurudumu la pampu lilizunguka kwa kasi mpaka wapita njia wakasimama kulisifu. Bwana mmoja mwenye baiskeli alishusha mguu chini, akatazama juu ya mnara, kisha akamwita mwanamke aliyekuwa akipalilia kabichi upande wa pili wa uzio. "Leo nyie maji mtayamwaga," alimwambia. Mwanamke akajibu, "Tutayamwaga," akainama tena kwenye jembe lake.

Tangi lilikuwa tupu. Lilikuwa tupu tangu jana yake, na hakuna aliyejua, si bwana wa baiskeli wala mwenye kabichi.

Bwana wa baiskeli tumsamehe, kwa sababu mtu asiyeijua pampu ya upepo lazima adanganyike. Upepo unasukuma mapanga, mapanga yanazungusha gurudumu, na gurudumu linapandisha na kushusha chuma kirefu kinachoingia kisimani. Huko chini kabisa, ndani ya bomba, kuna pistoni iliyovalishwa ngozi mbili zilizokunjwa mfano wa bakuli. Hizo ngozi ndizo zinazobana bomba na kuyainua maji. Zikichakaa, chuma kinapanda na kushuka bure, na kwa kuwa hakina mzigo, gurudumu linakuwa jepesi na kukimbia ovyo. Kwa hiyo ukiona pampu ya namna hiyo inakimbia sana, usiisifu. Panda ngazi ukachungulie tangi.

Mwenye kabichi aliijua kanuni hiyo vizuri sana. Mnara ulisimama mbele ya mlango wake, na mlio wake aliufahamu kuliko mlio wa tumbo lake mwenyewe. Ila siku hizo alikuwa anajua mambo mengi bila kuyafuatilia. Aliona gurudumu linakimbia, akasema moyoni linakimbia, basi, habari ikaishia hapo.

Watu walimwita Mke wa Msafiri. Mwanzoni ulikuwa utani. Mumewe aliondoka kwenda kutafuta kazi mbali, akaaga kwamba ni msimu mmoja tu, na majirani wakawa wanamtania mkewe wakipita: mke wa msafiri, leo umempikia nani? Msimu ukapita, ukaja mwingine na mwingine. Simu zikapungua, zikawa za kukohoa kohoa na kukatika, mwisho namba ikawa haipatikani kabisa. Utani ukaisha ladha lakini jina likabaki, na sasa hata watoto wa shule walimwamkia hivyo hivyo, shikamoo Mke wa Msafiri, kwa heshima zote, bila kujua wanasema nini.

Mwaka wa kwanza alilia. Mwaka wa pili alikasirika, akawa anagombana hata na kuku. Baada ya hapo akaingia ganzi. Mguu ukiukalia vibaya unakufa ganzi, lakini ukiunyoosha unarudi. Yeye hakujua anyooshe nini. Hakuwa na mtoto. Hakuwa mjane, kwa hiyo hakuna aliyempa pole. Hakuwa ameachwa, kwa hiyo hakuna aliyemrudishia mizigo kwao. Alikaa tu na mama mkwe wake katika nyumba ya vyumba vitatu, wakila meza moja, wakilala mapema, wakizungumza juu ya mbolea.

Kitu kimoja kilimshikilia pale, nacho ni lile shamba. Wifi yake, dada wa msafiri, aliyekuwa akiishi mjini, alikuwa ameshasema bila kuzungusha maneno: msimu huu shamba likishindwa, namchukua mama yangu. Hakusema mkwe wa mama yake atakwenda wapi, wala hakuhitaji kusema. Angerudi kwa kaka zake, ambako wangempokea kwa maneno mazuri siku ya kwanza, kisha wangemtandikia stoo, kati ya magunia na baiskeli mbovu. Mama mkwe alilijua jambo hilo naye. Hawakulizungumza. Walizungumza mbolea.

Na kabichi ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kufunga. Mkulima yeyote atakwambia kwamba huo ndio wakati usiochezewa. Kabichi ikikosa maji inapofunga, hailii wala haianguki, inabaki na majani tu.

Jioni alikwenda kufungua koki ya mfereji. Koki ikakohoa, ikatoa tone, ikanyamaza. Mama mkwe alikuwa kibarazani akichambua mchele.

"Imeziba?" aliuliza.

"Haijaziba. Tangi tupu."

"Na upepo wote huu?"

"Na upepo wote huu, mama."

Mama mkwe akainua macho akalitazama gurudumu lililokuwa likijizungusha kule juu kwa furaha zake, akarudi kwenye mchele.

*

Fundi Bomba alikuja asubuhi na pikipiki iliyobeba vyuma vingi kuliko duka. Alikuwa mtu mfupi mwenye maneno mengi, na kazi yake aliifanya huku akiisimulia, kana kwamba kuna mtu anaiandika. Kwanza alivuta breki. Mkia wa gurudumu ukajikunja, mapanga yakaupa upepo ubavu, na lile gurudumu lililosifiwa jana likasimama. Kukawa kimya hata sauti za kuku zikaongezeka.

Kisha wakaanza kuvuta vyuma. Vyuma vya pampu vimeungwa kimoja kimoja kwa kukazwa, na kuvitoa ni kazi ya watu wawili: mmoja anashikilia chuma kwa spana kubwa ili kisitumbukie, mwingine anafungua cha juu yake. Anayeshikilia haruhusiwi kupiga chafya. Mke wa Msafiri alishikilia. Alikuwa hodari wa kazi hiyo, mikono yake ilikuwa na nguvu na kichwa chake hakikuwa na haraka ya kwenda popote.

Pistoni ilipotoka, fundi aliigeuza geuza mkononi, akanyamaza, jambo ambalo si la kawaida yake. Mahali pa ngozi palikuwa na matambara meusi yaliyojikunja.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi."

"Hii ni mpira wa tairi."

"Ngozi zilikuwa zimeisha, na wewe ulikuwa umesafiri."

Sasa pale kwao mpira wa tairi ndio dawa ya kila kitu. Ukizeeka barabarani unakuja kufunga mlango, kuziba paa, kushonea ndala, kufungia mbuzi. Mtu akivunjikiwa na kitu chochote, wa kwanza kufika atauliza kama mpira upo. Kwa hiyo msimu uliopita, ngozi zilipochoka, Mke wa Msafiri alikata duara mbili kwenye mpira wa tairi la trekta, akazivalisha pistoni, akaomba jirani amsaidie kushusha vyuma. Maji yakatoka. Jirani akampongeza. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna kitu duniani ambacho mpira wa tairi haukiwezi.

"Mpira unapanda umebana, unashuka umejikunja," fundi alisema. "Siku moja unajikunja na unakataa kukunjuka. Hapo ulikuwa unapampu hewa, dada yangu."

"Ulitoa maji."

"Ulitoa mpaka ulipochoka. Hata mimi kuna kazi naweza kuifanya siku ya kwanza." Akaitupa ile pistoni kwenye gunia. "Nataka ngozi. Si ya mbuzi, si ya mkoba. Ya ng'ombe, nene, iliyotengenezwa sawasawa."

"Mjini haipo?" aliuliza mama mkwe kutoka kibarazani.

"Mjini ukiwauliza ngozi ya pampu wanakucheka. Wanakwambia nunua pampu ya jua." Fundi akajikuna shingo kwa mkono wenye grisi. "Lakini naijua ilipo. Kwa Msaga. Ule mkanda wake wa kwanza wa mashine, kabla hajafunga huu wa mpira, ni ngozi tupu. Upo ukutani umening'inia, unaliwa na vumbi."

Mama mkwe aliacha kufanya alichokuwa akikifanya. Mke wa Msafiri akatazama pembeni, si kwa aibu, ila kwa sababu alijua kitakachofuata na hakuona sababu ya kukitazama.

Msaga alikuwa na mashine ya kusaga unga kando ya barabara. Alikuwa mgane, mpole, nyusi zake nyeupe kwa unga tangu asubuhi mpaka jioni. Mwaka uliopita alimtuma shangazi yake kwa mama mkwe aulize, kwa adabu zote, kama yule binti ataendelea kungoja mpaka lini. Shangazi hakumaliza soda yake. Mama mkwe alimfukuza kwa maneno ambayo majirani waliyarudia wiki nzima, na tangu hapo akapiga marufuku: mtu wa nyumba yake asikanyage pale mashineni. Mahindi yao wakawa wanayabeba mpaka mashine ya ng'ambo ya daraja, mwendo wa kuchosha, tena kule unga unatoka na chenga. Mke wa Msafiri hakuulizwa anaonaje. Angeulizwa asingekuwa na jibu. Alijipapasa moyoni siku ile kuona kama kuna furaha au hasira, akakuta hamna kitu, akaenda kulala.

"Kwake hatuendi," alisema mama mkwe.

"Mama, ni kipande cha mkanda. Si mahari."

"Nimesema hatuendi."

Fundi alimtazama Mke wa Msafiri kutafuta msaada, akaona hakuna. Akashusha pumzi. "Basi nipeni soli za viatu. Vya ngozi kweli, vya kizamani, vya mtu mwenye mguu mpana. Maana duara yenyewe ni kubwa." Alisema hivyo kama mtu anayesema nipeni basi mwezi, akaanza kukusanya spana zake.

Mama mkwe akainuka akaingia ndani.

Alipotoka alikuwa ameshika viatu vya msafiri.

Hivyo viatu lazima visemwe. Vilikuwa vyeusi, vya kamba, vya harusi. Msafiri aliviacha kwa kuwa hakutaka vikaharibike njiani, atavivaa akirudi. Vilikaa juu ya kabati chumbani kwa mama yake, vimefunikwa kitambaa, na kila wiki mama alivishusha, akavipaka rangi, akavipiga brashi, akavirudisha. Wageni walioneshwa. "Ngozi tupu hii," angesema akigonga soli kwa kucha, "si hivi vyenu vya plastiki." Mke wa Msafiri alikuwa amevipitia huko juu ya kabati miaka yote hiyo akifagia, na siku hizi alivihesabu kama sehemu ya kabati.

"Mama," alisema, "hivyo ni vyake."

"Najua ni vya nani. Anayevipaka rangi si wewe."

"Akirudi?"

"Akirudi tutamnunulia vingine. Lakini pale mashineni huendi."

Hebu ona akili ya mama mkwe. Ili amtunzie mwanawe mke, alikuwa tayari kumkata mwanawe viatu. Lakini alisimama pale uani, amevishika kwa mikono miwili, bado akivifuta kwa kidole gumba, kwa hiyo hakuna aliyemcheka.

Fundi alivipokea. Akavipima kwa kiganja, akakunja uso kidogo, akaanza kusema, "Mama, ngoja kwanza niangalie hii soli ni ya…"

"Kata," alisema mama mkwe.

Akakata. Alichomeka kisu penye kidole gumba akijiandaa kusukuma kwa nguvu, kisu kikazama chenyewe kama kwenye ndizi. Fundi akasimama. Akakivuta, akachomeka tena mahali pengine, kikazama vile vile. Akaibandua soli kwa vidole. Juu kulikuwa na kiganda cheusi chembamba, na chini ya kiganda, boksi. Makaratasi magumu ya rangi ya udongo, yaliyogundishwa tabaka juu ya tabaka, mengine yamevimba kwa unyevu. Kwenye tabaka moja yalionekana maandishi ya kiwandani, herufi za kijani, nusu ya neno la sabuni.

Kiatu cha pili kilikuwa vile vile, boksi tupu.

Mama mkwe akaokota kipande cha boksi, akakinusa, akakivunja, kikavunjika.

"Aliniambia vimeshonwa kwa mkono," alisema.

"Na mimi aliniambia hivyo," alisema Mke wa Msafiri.

"Aliniambia fundi alimpima mguu siku mbili."

"Mimi aliniambia siku tatu."

Mama mkwe akamtazama. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu walitazamana wanawake hao machoni, na mdogo akaona kwamba mkubwa amezeeka. Lakini ndani ya huyo mdogo palikuwa kimya kama kawaida, hata boksi lile halikumfikisha popote. Aliona kwamba jambo hili ni la kuchekesha na pia ni la kulia, akayaona yote mawili kwa mbali, kama habari ya watu wengine.

Mama mkwe akaingia ndani. Akakaa muda. Alipotoka alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea, na mwavuli mkononi ingawa hakukuwa na mvua wala jua kali. Akapita katikati yao bila kuaga, akashika barabara.

"Anakwenda wapi?" fundi aliuliza.

"Sijui."

"Humfuati?"

Mke wa Msafiri akafikiri. "Ana mwavuli," alisema.

Akachukua ndoo mbili akaenda mtoni, akarudi, akaenda tena. Maji ya ndoo yalitosha tuta moja na robo ya tuta, na matuta yalikuwa mengi mpaka uzioni. Kabichi zilikuwa zimelegeza majani ya nje. Alizimwagilia zile za karibu, za mbali akaziacha, na kuchagua huko hakukumuuma.

Mama mkwe alirudi mchana kukiwa bado na joto. Mkanda wa ngozi alikuwa ameubeba begani kama shali, mpana, mweusi kwa mafuta ya zamani, na nguo yake ya kutokea imechafuka yote. Akautupa miguuni kwa fundi.

"Amekata mwenyewe," alisema. "Hakutaka kitu. Hata kukaa alinipa kiti chake." Akakaa chini kibarazani, akavua viatu. "Yule mwanamume ana adabu. Nilimkosea shangazi yake."

"Mlizungumza nini?" aliuliza Mke wa Msafiri.

"Tulizungumza ngozi." Akavisogeza viatu kando. "Kulikuwa na foleni ya watu wa kusaga, mpaka nje. Wote walikuwepo." Akaifuta miguu yake vumbi, akaongeza, "Kesho uvae nguo nzuri."

"Ya kushusha vyuma?"

"Vaa tu."

Fundi Bomba alikata duara mbili, akazizamisha kwenye mafuta, akazikandamiza juu ya kalibu ya mti ili zilale zikipata umbo la bakuli. Aliondoka akiwa bado anaongea.

*

Asubuhi Mke wa Msafiri alivaa nguo ya kazi kama siku zote, kwa sababu grisi haijali uliambiwa nini. Mama mkwe alimtazama, akatikisa kichwa, akaenda kukaa mlangoni, yeye akiwa amevaa ile ya kutokea, amesugua madoa yakabaki vivuli.

Pistoni ilivalishwa ngozi mpya, ikashushwa, na vyuma vikaanza kuifuata kimoja kimoja. Walikuwa wamefika katikati, uzito wote uko mikononi mwake na fundi anatafuta uzi wa kukazia chuma kinachofuata, alipoona watu barabarani. Wanawake walitangulia, vichwa vimefunikwa, mmoja na furushi la kuni, mwingine na unga kwenye beseni. Wanaume nyuma yao. Walipofika langoni wanaume wakavua kofia. Bwana wa baiskeli alikuwemo, baiskeli anaisukuma. Msaga alikuwa wa mwisho, amenawa uso mpaka nyusi zake zikaonekana ni nyeusi, kitu ambacho watu wengi hawakuwa wakikijua.

Aliwaona wakiingia uani kimya kimya, wakikaa chini, wengine wakisimama kwenye uzio. Akafikiri wamekuja kutazama pampu.

"Kuna nini?" alimuuliza fundi.

"Usiachie," fundi alisema. "Ukiachia vyote vinakwenda chini."

Jirani, yule aliyemsaidia siku ya mpira wa tairi, akamsogelea. Macho yalikuwa mekundu. "Tumesikia jana pale mashineni," alisema. "Pole sana, mama. Na sisi tulikuwa tukikuita kwa utani miaka yote. Utusamehe."

"Mmesikia nini?"

Jirani akageuka kumtazama mama mkwe. Watu wote wakageuka. Mama mkwe alikuwa amekaa wima mlangoni, mikono magotini.

"Waliniuliza mkanda ni wa nini," alisema, akimtazama mkwe wake peke yake. "Nikasema ni wa pampu ya mke wa marehemu mwanangu."

Mke wa Msafiri alishikilia spana. Vyuma vilikuwa vizito, vilimvuta mabega, na hakuweza kuinua hata kidole. "Umepata habari?" aliuliza. "Mama, nani kakupigia?"

"Hakuna aliyenipigia. Ndiyo habari yenyewe hiyo. Hakuna aliyenipigia mpaka masikio yangu yamechoka."

"Sasa umewaambia watu amekufa."

"Nimewaambia."

Watu uani waliinama. Walikuwa wameelewa, na hakuna aliyeinuka kuondoka.

"Na akirudi?"

"Akirudi atakuta tumeshamlilia. Atajua mwenyewe pa kukaa." Sauti ya mama mkwe ilikuwa imekauka. "Mimi nimemzaa, na mimi nimemzika. Wewe ungengoja ruhusa ya nani?"

Fundi alipata uzi. Akakaza. "Shusha," alisema kwa sauti ndogo kuliko zote alizopata kuzitoa, na Mke wa Msafiri akashusha, akashika kinachofuata, akashusha. Alifanya kazi. Hakuna alichokuwa nacho cha kufanya zaidi ya hicho. Wale watu walikaa wakimtazama akishusha vyuma kisimani, kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho kikafungwa kwenye gurudumu na fundi akaachia breki.

Mkia ukakunjuka, gurudumu likageuka kuutafuta upepo, likaanza kuzunguka. Lilizunguka polepole, kwa kujikaza, kama mtu aliyebebeshwa. Bwana wa baiskeli akamnong'oneza jirani kwamba halijapona hilo, fundi akamkata jicho. Wakangoja. Bomba likatoa pumzi, likakoroma. Kisha maji yakaanguka ndani ya tangi tupu kwa kishindo, na waombolezaji wote wakasema "aaa" kwa pamoja, kisha wakakumbuka walichokuja kufanya na kukunja nyuso zao upya.

Mke wa Msafiri aliweka spana chini. Mikono yake ilibaki imekunjika vile vile, ikikataa kufunguka. Msaga alikuwa ndiye aliye karibu. Hakusogea zaidi ya inavyofaa. Alishika kofia yake kifuani.

"Pole, mama," alisema.

Jibu la pole kila mtu analo mdomoni. Linatoka lenyewe, mtu halifikirii: nimeshapoa. Akafungua kinywa alitoe.

"Bado," alisema.

Na hapo ikamjia. Haikuja kidogo kidogo. Ilimuuma mikono, ikamuuma mabega, ikapanda na kumkalisha chini pale pale kwenye tope la grisi, mbele ya watu wazima na beseni la unga, akalia kwa sauti kubwa na mbaya. Alimlilia yule aliyekuwa hai mahali fulani na yule aliyekuwa amekufa uani hapo, na miaka yote ya kuamkiwa shikamoo. Iliuma kuliko alivyokumbuka kwamba kitu kinaweza kuuma. Wanawake walianza kuinuka, lakini mama mkwe aliwatangulia. Alipiga magoti na nguo yake ya kutokea, akamkamata uso, akamfuta kwa pindo, akimpaka grisi zaidi kuliko kumfuta.

"Mama, mimi sasa naenda wapi?" Maneno yalikuwa hayatoki sawasawa. "Nitakwenda wapi mimi?"

"Utakwenda kumwagilia kabichi," alisema mama mkwe. "Ukishamaliza kulia."